Kuona kwa Mwangwi: Vihisi Vidogo vya Ultrasaundi na Elimu ya Kilichofichika

Kihisi cha ultrasaundi ni kifaa kinachotoa sauti isiyosikika na binadamu, kikanyamaza, kisha kikasikiliza mwangwi unaorudi. Sikio la kijana mwenye afya hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, yaani kilohezi 20. Sauti iliyo juu ya hapo ndiyo ultrasaundi. Vihisi vinavyopima kina cha maji ndani ya tangi kwa kupitia hewani hutumia makumi ya kilohezi. Vile vinavyokagua vyuma hupanda hadi megahezi 1, 5 au 10. Watu wengi wanaijua ultrasaundi kwa kipimo cha wajawazito hospitalini, lakini viwandani ilitangulia kufika: huchunguza mshono wa bomba lililochomelewa, ekseli ya treni, ukuta wa boila, na kuleta habari za ndani bila kukata wala kutoboa kitu.

Siku hizi habari hizo huja kwa sura ya picha. Mkaguzi hutazama skrini, akaona doa jekundu katikati ya rangi ya buluu, akasema kuna ufa. Hakuna mwanga uliotoka kwenye ufa ukafika machoni pake. Kilichofika ni mtetemo uliogeuzwa umeme, umeme ukageuzwa namba, namba zikapigiwa hesabu, na jibu la hesabu likapakwa rangi. Je, mkaguzi huyo ameuona ufa, au ameamini kwamba upo? Swali hilo ni la falsafa ya maarifa, nalo lina uzito wa maisha ya watu, kwa sababu ndege huruhusiwa kuruka na bomba la gesi huachwa na shinikizo lake kwa kutegemea jibu.

Historia ya ultrasaundi inaanza na kosa la wasomi. Katika miaka ya 1793 na 1794 Lazzaro Spallanzani, padri na mwanasayansi wa Italia, alionyesha kwamba popo aliyepofushwa huendelea kuruka bila kugonga vizuizi. Louis Jurine wa Geneva akaongeza kwamba popo aliyezibwa masikio hupotea na kugonga. Ushahidi ulikuwa mezani, ila haukupokelewa. Georges Cuvier, aliyekuwa na sauti kubwa katika elimu ya wanyama, aliamua kwamba popo huongozwa na mguso wa hewa kwenye mabawa, na kwa zaidi ya karne moja neno lake likashika. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1938, pale Donald Griffin, akiwa bado mwanafunzi wa Harvard, alipowapeleka popo wake mbele ya chombo cha mwanafizikia George Pierce kilichoweza kunasa ultrasaundi. Chumba kilichodhaniwa kimya kumbe kilijaa makelele. Wasomi wa awali hawakukosa ushahidi. Walishindwa kukubali kwamba masikio yao hayakuwa mpaka wa sauti zilizopo.

Njia ya kuitengeneza sauti hiyo ilipatikana mwaka 1880, pale ndugu wawili wa Kifaransa, Jacques na Pierre Curie, walipogundua kwamba baadhi ya fuwele, kwatzi ikiwa mojawapo, zikibanwa hutoa umeme. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba kinyume chake ni kweli pia: zikipewa umeme hujibana na kujitanua. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Paul Langevin alitumia kwatzi iliyowekwa kati ya bamba mbili za chuma ili kusaka nyambizi. Baadaye Sergei Sokolov wa Leningrad alipendekeza kupitisha mawimbi hayo ndani ya metali ili kufichua kasoro, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan akapata hataza ya kifaa kinachotoa mapigo mafupi na kusoma mwangwi wake. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni ukubwa.

Kwa miaka mingi moyo wa kifaa ulikuwa kipande cha kauri ya piezoelektriki kilichokatwa kwa msumeno. Mwaka 1994 Haller na Khuri-Yakub wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza aina nyingine: utando mwembamba unaoning'inia juu ya silikoni, ukiachiwa nafasi ya mikromita moja hivi au chini yake. Utando na sakafu yake ni kapasita. Umeme ukibadilika, utando hutetemeka na kutoa sauti. Mwangwi ukirudi, utando husukumwa na kapasita hubadilika thamani. Aina ya pili hupakwa tabaka jembamba la nitridi ya alumini au kauri juu ya utando, na umeme huupinda moja kwa moja. Aina zote mbili hutengenezwa kama chipu za kompyuta, maelfu kwa mara moja, kila utando ukiwa na upana unaokaribia ule wa unywele. Na kwa kuwa utando ni mwepesi, hupatana na hewa na vimiminika kuliko kauri ngumu. Ndiyo sababu vihisi hivi vimeingia kwenye roboti kupima umbali na kwenye vifaa vya hospitali vinavyoshikwa kwa mkono mmoja.

Mfano wa bamba moja la chuma unatosha kuonyesha jinsi hukumu inavyozaliwa. Bamba lina unene wa milimita 25. Fundi amesugua kutu, amepaka jeli, ameweka kihisi cha megahezi 5. Jeli ina kazi kubwa. Ukinzani wa chuma kwa sauti unauzidi ule wa hewa kwa zaidi ya mara laki moja, hivyo sauti inapofika mpakani mwa vitu hivyo viwili hurudi karibu yote, na tabaka la hewa jembamba kuliko karatasi lingetosha kuifungia nje. Sheria hiyohiyo ndiyo inayoufichua ufa, kwa kuwa ufa ni hewa kidogo iliyonaswa ndani ya chuma. Kwenye skrini unasimama mlima wa kwanza, sauti ikiingia. Baada ya mikrosekunde 8.5 unasimama wa pili: huo ni mwangwi wa upande wa chini, milimita 50 za kwenda na kurudi kwa mwendo wa mita 5,900 kwa sekunde. Fundi anasogeza kihisi kidogo tu. Kati ya milima miwili kinachomoza kilima kwenye mikrosekunde 5.1, na mlima wa pili unapungua kimo. Kwa hesabu ileile, kuna kitu kwenye kina cha milimita 15, nacho kimezuia sehemu ya sauti isifike chini.

Hukumu hiyo imebeba masharti ambayo skrini haiyaonyeshi. Imechukuliwa kwamba mwendo wa sauti ndani ya bamba hili ni mita 5,900 na si vinginevyo. Kwamba wimbi limekwenda moja kwa moja. Kwamba ni wimbi la kusukuma na kuvuta, kwa maana wimbi la kuyumba ubavuni huenda kwa mita 3,200 hivi tu katika chuma hichohicho. Sharti moja likivunjika, kilima kitabaki palepale kwenye skrini, na milimita 15 zitakuwa si kweli.

Wanafalsafa wa karne ya 20 waligawanyika kuhusu habari za namna hii. Mwaka 1962 Grover Maxwell alihoji kwamba hakuna mahali pa kuchora mstari kati ya kuona na kukisia: mtu hutazama kupitia dirisha, kupitia miwani, kupitia darubini, kupitia hadubini, na kila hatua ni jirani ya iliyotangulia. Bas van Fraassen, katika kitabu chake cha mwaka 1980, aliukataa mteremko huo. Kwake, kinachoonekana ni kile ambacho binadamu angekiona kwa hisi zake mwenyewe akikikaribia vya kutosha. Kwa vingine vyote, sayansi inatosheka ikiwa nadharia yake inalingana na yanayoonekana. Ian Hacking akaja na jibu la tatu, naye aliitaja hadubini inayotumia sauti, iliyobuniwa Stanford mwaka 1974 na Ross Lemons na Calvin Quate. Kwa Hacking, picha ikiwa ramani nzuri ya jinsi wimbi lilivyokutana na kitu, basi mtu anaona kwa kutumia chombo, liwe wimbi la mwanga au la sauti.

Katika mgawanyiko huo ufa wa ndani ya chuma una hali ya pekee. Si kama elektroni, ambayo hakuna jicho litakaloiona kamwe. Ufa ungeonekana kwa macho matupu kama bamba lingekatwa. Haujaonekana tu. Hata kwa kipimo kikali cha van Fraassen umo katika orodha ya vinavyoonekana. Elimu ya Kiislamu ina mgawanyo unaolifaa jambo hili: ipo ghaibu isiyojulikana na kiumbe yeyote ila kwa kufunuliwa, na ipo ghaibu ya kadiri, iliyofichika kwa huyu na kudhihirika kwa yule, au iliyofichika leo na kudhihirika kesho. Ultrasaundi inashughulika na ghaibu ya kadiri peke yake. Anayedai kwamba vyombo vya namna hii vimeifuta ghaibu yote amechanganya mambo mawili, na anayevikataa kwa kuihofia ghaibu amechanganya yaleyale.

Wapo watakaosema kwamba bado kuna tofauti ya msingi: jicho hupokea, mwangwi hukisiwa. Tofauti hiyo inadhoofika ikichunguzwa. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, alionyesha katika Kitab al-Manazir kwamba sehemu kubwa ya kuona ni kupambanua na kukisia. Umbali wa kitu, ukubwa wake, hata kukitambua ni nini, haviingii machoni pamoja na mwanga. Akili huvipata kwa hukumu ya haraka kiasi kwamba mtu hajijui kuwa amehukumu. Na al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipolishtaki jicho alilishtaki kwa hukumu ya aina hiyo: nyota huonekana na ukubwa wa dinari, na hoja za hesabu huonyesha kuwa imeizidi dunia. Kwa hiyo mkaguzi hajaiacha njia ya kuona akaingia njia ya kukisia. Amehama kutoka makisio yaliyozoeleka tangu utotoni kwenda makisio yaliyoandikwa katika programu. Makisio ya pili yana ubora mmoja mkubwa: yanaweza kutajwa moja baada ya jingine na kujaribiwa.

Swali linageuka, basi. Badala ya kuuliza kama ni kuona, inafaa kuuliza ni kwa haki gani kilichofichika kinahukumiwa kwa kilicho wazi. Wanakalamu, yaani wanatheolojia wa Kiislamu, walilijadili hili chini ya jina la kupima ghaibu kwa shahidi, yaani kulichukua lililo mbele ya macho kuwa kipimo cha lisiloonekana. Wengi waliutumia mwendo huo katika kuzungumzia sifa za Mungu. Wengine, akiwemo al-Juwayni, mwalimu wa al-Ghazali, waliushuku, kwa sababu kufanana kwa nje hakutoshi. Lazima kuwe na kiungo kinachojulikana ambacho kinafunga pande zote mbili. Katika mambo ya Mungu kiungo hicho ni kigumu mno kukithibitisha. Katika chuma kinaweza kutengenezwa kwa mikono.

Ndivyo kinavyofanywa kipande cha kulinganishia, chuma chenye vipimo vilivyohakikiwa ambacho kila mkaguzi hukigusa kwa kihisi kabla ya kazi. Kile kinachotumika zaidi duniani kina unene wa milimita 25 na upinde wenye nusu kipenyo cha milimita 100, pamoja na matundu yaliyotobolewa mahali panapojulikana. Kihisi kikisema milimita 25 kwenye milimita 25, kimepata idhini ya kusema juu ya bamba lisilojulikana, mradi chuma ni cha aina moja. Sharti hilo la mwisho ndilo kiungo alichokuwa akikidai al-Juwayni, na ndilo linalosahaulika kwa urahisi. Mishono ya chuma kisichoshika kutu ina chembe kubwa zilizolala upande mmoja. Mwendo wa sauti hubadilika kwa mwelekeo, wimbi hupinda, na ufa huonekana mahali ambapo haupo.

Safari ya ultrasaundi kutoka kiwandani hadi wodini ilipitia mwendo huohuo. Julai 1955 Ian Donald, daktari wa wanawake wa Glasgow, alibeba ndani ya magari vivimbe alivyowatoa wagonjwa wake, akavipeleka kwenye kiwanda cha maboila cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, ambako chombo cha kutafuta nyufa kilikuwa kikitumika kila siku. Vivimbe vigumu na vile vyenye maji vilitoa mwangwi tofauti, na kiwanda kikampa kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. La kuzingatia ni kwamba vivimbe vile vilikuwa nje tayari. Donald alijua kila kimoja ni nini, na kwa ujuzi huo akapata idhini ya kuhukumu vilivyomo bado mwilini. Makala yake na wenzake MacVicar na Brown ilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1958. Miongoni mwa wagonjwa wake wa mwanzo alikuwamo mama aliyedhaniwa ana saratani isiyotibika. Mwangwi ulionyesha uvimbe mkubwa wa maji. Alipasuliwa, uvimbe wa ovari ukatolewa, akapona. Kisu ndicho kilichotoa hukumu ya mwisho juu ya mwangwi.

Hapo pana kikwazo kisichokwepeka. Ukaguzi huu umebuniwa ili kitu kisikatwe, lakini uthibitisho kamili wa picha yake ni kukikata. Ukweli juu ya bamba lililobaki zima huazimwa kutoka mabamba mengine yaliyokatwa. Kuanzia miaka ya 1970 nchi kadhaa, zikishirikiana chini ya OECD na Tume ya Ulaya, zilifanya majaribio yaliyojulikana kwa kifupi PISC: mabamba mazito ya chuma yenye kasoro zilizowekwa kwa makusudi yalizungushwa kutoka timu hadi timu, kila timu ikaandika ilichoona, kisha mabamba yakakatwa. Matokeo yaliwashtua wengi. Taratibu zilizokuwa zikitumika wakati huo zilipitwa na kasoro ambazo hazikupaswa kupitwa, hasa zile zilizosimama wima kuelekea uso wa bamba, na timu zenye taratibu zilezile hazikuafikiana. Waliotumia njia kadhaa kwa pamoja walikaribia ukweli zaidi. Huo ulikuwa unyofu mkubwa wa kielimu: wataalamu walikubali kuaibishwa na msumeno ili wajue thamani ya maneno yao.

Kasoro za wima zinaeleza udhaifu mkuu wa kuona kwa mwangwi. Ufa uliolala kukatisha njia ya sauti huirudisha kama ukuta. Ufa uliosimama sambamba na njia hiyo huiacha ipite, na kinachorudi ni mwangwi hafifu wa ncha zake. Kwa hiyo skrini tupu inaweza kutokana na bamba zima, au na ufa uliokaa upande mbaya, au na jeli iliyokauka. Kukosa mwangwi ni ushahidi tu pale ilipokwisha kuonyeshwa kwamba ufa wa ukubwa fulani, ukiwa na mwelekeo fulani, ungetoa mwangwi kama ungekuwapo. Ripoti nzuri ya ukaguzi haisemi hakuna ufa. Husema ni ufa wa namna gani ungepatikana, na kwamba haukupatikana.

Hata mwangwi ukirudi, hausemi yote. Katika chuma, wimbi la megahezi 5 lina urefu wa milimita 1.2 hivi, na vitu viwili vilivyokaribiana kuliko nusu ya hapo haviwezi kutenganishwa kwenye picha ya kawaida. Tundu dogo zaidi laweza kutoa mwangwi na kujulikana kwamba lipo, ilhali umbo lake, kama ni duara au ufa wenye ncha kali, likabaki limefichika. Ibn Sina alitenganisha kuwapo kwa kitu na dhati ya kitu hicho, yaani kitu hicho ni nini, akafundisha kwamba kujua kimoja si kujua cha pili. Mgawanyo wake una kazi ya kila siku kwenye karakana, kwa sababu tundu la duara laweza kuachwa miaka mingi na ufa wenye ncha kali huota.

Udogo wa vihisi ulileta njia ya kupunguza matatizo haya. Vipande 32, 64 au 128 hupangwa safu moja, kila kimoja kikipigwa kwa kuchelewa kidogo kuliko jirani yake, na wimbi lao la pamoja huelekezwa upande wowote bila kihisi kusogea. Ni lazima vipangwe kwa nafasi isiyozidi sana nusu ya urefu wa wimbi, yaani milimita 0.6 hivi kwa mfano uliopita. Vikiachana zaidi, picha hujaa mizuka, nyufa zisizokuwapo zilizozaliwa na mpangilio wenyewe. Utengenezaji wa silikoni umerahisisha ukaribu huo.

Wingi huu huwavutia watu kuamini kwamba picha ya vipande 64 ina mashahidi 64. Wanazuoni wa hadithi wangeligundua kosa hilo mara moja. Habari hufikia daraja la tawaturi pale tu wapokezi wake ni wengi na wa njia mbalimbali kiasi kwamba haiwezekani wote wawe wamekosea pamoja. Wapokezi 64 waliosikia kwa mtu mmoja huhesabiwa kwa huyo mmoja. Vipande vyote vya kihisi hutegemea dhana moja ya mwendo wa sauti. Dhana ikiwa na kosa, vyote hukosea kwa sauti moja, na picha hutoka safi, yenye kushawishi, ikiwa imehamisha ufa. Wodini ni vilevile: mashine nyingi huchukulia kwamba mwendo wa sauti mwilini ni mita 1,540 kwa sekunde, hali katika mafuta ni mdogo zaidi, karibu mita 1,450. Tawaturi ya kweli hupatikana kwa njia zisizoshirikiana sababu: ultrasaundi, kisha eksirei, kisha mikondo ya umeme inayozungushwa kwenye uso wa chuma. Hacking naye alijenga hoja yake yenye nguvu zaidi hapo: hadubini mbili zinazofanya kazi kwa fizikia tofauti zikionyesha doa lilelile mahali palepale, ingekuwa bahati isiyo ya kawaida kama doa halipo.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yanatokana na kihisi kuwa kidogo na nafuu kiasi cha kubandikwa kwenye bomba na kuachwa hapo miaka. Ukaguzi uliokuwa tukio unakuwa ulinzi. Kihisi kilichokaa pale pale hulinganisha leo na jana ya mahali hapohapo, na hivyo hugundua mabadiliko madogo kuliko kosa la kipimo cha fundi anayekuja mara moja kwa mwaka. Lakini hata hapa dhana zinafuata. Mwendo wa sauti katika chuma hupungua takriban asilimia 1 kila joto likipanda kwa nyuzi 55 za Selsiasi. Bomba la milimita 25 likipata joto hilo, kihisi kisichosahihishwa kitaripoti milimita 25.25. Kama kutu imekula robo milimita ndani kwa muda huohuo, ripoti itasema hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana kihisi cha unene hakitoshi bila kihisi cha joto kando yake.

Pamoja na hayo, hakuna tena fundi aliyesimama pale akiona jeli imekauka au rangi imebanduka. Hukumu imehamia kwenye kiwango kilichowekwa mapema: mwangwi ukizidi hapa, kengele ilie. Kiwango hicho hakitolewi na fizikia. Kikishushwa, kengele hulia kwa kila chembe ya chuma. Kikipandishwa, nyufa hupita. Mwanafalsafa Richard Rudner alieleza mwaka 1953 kwamba kuamua ni ushahidi kiasi gani unatosha ni kuamua pia ni kosa lipi lina madhara zaidi, na kwamba mwanasayansi hawezi kukwepa uamuzi huo wa kimaadili kwa kusema anapima tu. Anayeweka kiwango amebeba amana ya watu ambao hatawaona.

Ajali ya Eschede, Ujerumani, inaonyesha gharama ya uamuzi huo. Tarehe 3 Juni 1998 treni ya mwendo kasi iliacha njia na kugonga daraja, wakafa watu 101. Pete ya chuma ya gurudumu moja ilikuwa imekatika kwa uchovu wa metali, na ufa ulikuwa umeanzia upande wa ndani, ambako tochi haifiki. Mashine za kutafuta nyufa zilikuwa zimetumika kabla yake katika ukaguzi wa magurudumu, lakini zilitoa tahadhari nyingi za uongo, zikahesabiwa haziaminiki, zikawekwa kando, na mafundi wakabaki na macho na tochi. Shahidi aliyezidisha maneno aliondolewa kabisa, badala ya kuchunguzwa ni lini husema kweli.

Njia mojawapo ya kumchunguza shahidi wa aina hii ni kutunza alichosema kabla hakijafasiriwa. Mwaka 2005 Holmes, Drinkwater na Wilcox wa Bristol walieleza utaratibu ambao kila kipande cha safu hutoa sauti kwa zamu na vyote husikiliza. Vipande 64 huacha rekodi 4,096, na picha hujengwa baadaye kwa hesabu. Ikigundulika kwamba mwendo wa sauti ulikadiriwa vibaya, picha huhesabiwa upya kwa mwendo sahihi, bila kurudi kwenye bomba. Ushahidi na hukumu vimetenganishwa, na hukumu inaweza kukatiwa rufaa. Vihisi vingi vidogo vinavyobandikwa kwenye mabomba haviruhusu hilo: vina betri ndogo na njia nyembamba ya kutuma data, hivyo hutuma namba moja ya unene na kuutupa mwangwi wenyewe. Anayevinunua anachagua, hata kama hajaambiwa, kwamba hukumu ya siku ya kwanza ndiyo itakayobaki.